Kompyuta Tuliyoipaka Mawese

Sisi Warundi tuliozaliwa kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, tukaletwa Rumonge, Burundi, kwa malori tukiwa tayari tunajua kusoma, tulikuwa na utoto wa namna mbili. Wa kwanza ulinuka vumbi jekundu na mahindi ya njano ya msaada. Wa pili ulinuka ziwa, dagaa tunaowaita ndagala wanaokauka juani, na mawese yanayochemka kwenye mapipa. Ukikutana na mtu wa rika letu, mtajie ule ugali wa njano tu, utamwona anacheka peke yake kama mtu aliyekumbushwa jina la mbwa wake wa zamani.

Kambini tulicheza kombolela mpaka mama zetu walipochoka kutuita. Mpira tuliusuka kwa mifuko ya plastiki na kamba za migomba. Magari tuliyaunda wenyewe kwa waya na makopo ya samaki, tukayawekea usukani mrefu wa kijiti, na ole wako ukanyage gari la mwenzako. Langu lilikuwa na taa. Nilitoa balbu kwenye tochi iliyokufa, nikaifunga na betri nusu-hai niliyoianika juani ili ipate nguvu, nalo likawaka njia nzima hadi kisimani. Kambi nzima ilikuja kuliangalia. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki: leo nina diplomu ya informatique, yaani elimu ya kompyuta, nina karakana yangu katikati ya mji, na kuanzia Kabezi hadi Muhuta, mtu akiwa na kompyuta iliyogoma, jina langu linatajwa kabla chai yake haijapoa.

Lakini leo sitaki kuzungumzia karakana. Nataka kuzungumzia wiki moja ya ujana wangu, nilipokuwa na miaka kumi na mitano, na watu walionishika mkono wiki ile. Nimeisimulia mara nyingi kwenye harusi na misiba. Kila mara niliiacha sehemu moja, na leo ninaiandika yote.

Tulipofika Rumonge tulikuta mji ambao wazazi wetu walikuwa wakituhadithia kana kwamba ni mbinguni. Kweli ulikuwa mzuri. Asubuhi wanawake walimwaga ndagala kwenye vitanda vya wavu kando ya ziwa, na jua likiwapiga waling'aa mpaka macho yakauma. Mama alijifunza kazi hiyo kwa wiki moja. Mchana tulikula ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, iliyoungwa mawese mabichi, na midomo yetu ilibaki na rangi ya machungwa mpaka jioni. Tuliogelea bila ruhusa, tukajikausha kwa kukimbia ili Mama asione nywele mbichi. Hakuwahi kudanganyika. Alikuwa akikukwaruza mkono kwa ukucha, akiona mstari mweupe anasema, "Eeh, kiboko angekula mtoto huyu, mimi ningeletewa nini? Kaptula?"

Shida ilikuwa shule. Sisi tulisoma kwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo alichotufundisha mwalimu mmoja mkali wa kambini. Hapa masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo walitupima, wakaturudisha nyuma. Mimi, mwenye sauti iliyokwisha kuwa nzito na vinyweleo viwili kidevuni, niliwekwa darasa la sita pamoja na watoto wa miaka kumi na mmoja. Magoti hayakuingia chini ya benchi. Nilikaa upande, miguu njiani, na kila mtoto aliyekwenda kufuta ubao alinikanyaga na kuniambia, "Pardon, papa," yaani samahani, baba.

Wenzangu mliopitia hayo mnajua. Wengi waliacha shule mwaka ule ule. Wengine walikwenda kuvua, wengine kwenye mashamba ya michikichi, wengine walirudi walikotoka.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Nestori. Alifundisha section, yaani mkondo, ya informatique kwenye shule ya ufundi iliyopakana na yetu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na sandali zilizoshonwa upya mara nyingi mpaka hazikujulikana rangi. Section yake ilikuwa na wanafunzi kumi na wanane na kompyuta moja inayofanya kazi. Ya pili ilikuwa imekufa, na mashine hizo mbili ndizo zilikuwa section nzima. Siku moja alinikuta dirishani pake nikichungulia, akaniuliza kwa Kirundi nataka nini. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nataka kujua kwa nini ile ya pili haiwaki. Akacheka, akaniletea kijitabu kilichokuja pamoja na ubao mpya wa ndani ya kompyuta aliotumiwa kutoka Bujumbura. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza.

"Soma hapa," akasema.

Nikasoma. Sikuelewa nusu ya nilichosoma, lakini nilikisoma kwa sauti kubwa kama mchungaji. Mwalimu Nestori alikuna shingo, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mimi nimeshindwa na kitabu hiki wiki tatu. Ijumaa Direkteri wa shule anakuja kuangalia section. Ingia, funga ubao huu, uiwashe mashine mbele yake. Ikiwaka, nitamwomba akuandike huku. Isipowaka, utarudi kwa watoto, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu: siku tano, mashine moja iliyokufa, na benchi ambalo magoti hayakuingia.

Jioni ile nilimwambia Mama kwamba nimekwisha kupokelewa. Ndiyo, nilidanganya, siku hizo nilikuwa nikiona jambo likikaribia nalitangaza kana kwamba limetimia. Mama aliweka chini ungo wa ndagala, akapiga vigelegele, na kabla ya chakula majirani wote wa upande wetu walijua kwamba mwanawe, yaani mimi Yona, anasoma kompyuta.

Darasani kwa Mwalimu Nestori nilipokelewa na Melkiori, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule nyingine, aliyevaa soksi zilizovutwa mpaka magotini. Aliniangalia toka juu mpaka chini. "Weye Mutanzania," akasema, "hapa si kambini. Hapa hatupangi foleni ya unga."

Darasa likacheka. Nikamjibu, "Ningekuwa mimi ndiye nimekaa na mashine maiti mwaka mzima, nisingefungua mdomo."

Wakacheka zaidi, na safari hii wakimcheka yeye. Msichana mmoja benchi la mwisho alipiga meza kwa kiganja. Huyo alikuwa Zaituni, msichana pekee wa section ile, binti wa Kiislamu wa mtaa wa Waswahili, ambaye baba yake alikuwa na kinu cha kukamulia mawese. Alizungumza Kifaransa bila kukwama, Kirundi cha mjini, na Kiswahili chenye ladha ya ng'ambo ya ziwa. Alikaa peke yake benchi zima, kwa sababu hakuna mvulana aliyekubali kukaa na msichana, na hakuna msichana mwingine wa kukaa naye.

"Kuja huku, fundi wa mudomo," akaniita. "Huku iko nafasi."

Jumatatu tulifungua kasha la kompyuta. Mende walitoka kama abiria waliofika mwisho wa safari. Tulitoa ubao ulioungua. Mwalimu Nestori aliuita carte mère, sisi tukaugeuza kadi-mama, kwa sababu kila kitu kingine ndani ya kasha hushikamana nao: kumbukumbu, diski, umeme, hata kitufe cha kuwashia. Kadi-mama mpya ilikuwa ya kijani, safi, inanuka kama viatu vipya. Kijitabu kilisema isiguse bati la kasha hata kidogo. Inakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba. Nilivihesabu vinguzo mara nne. Zaituni alishika skrubu kwa midomo kama fundi cherehani anavyoshika pini, akinipa moja moja.

Jumanne ilikuwa siku ya nyaya ndogo. Mnaojua mnajua. Ni nyaya nyembamba kama mkia wa panya, zinatoka kwenye kitufe na taa za mbele, na kila moja ina mahali pake kwenye vijiti vidogo ambavyo maandishi yake hayaonekani bila kubana macho. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea waya wa magari ya makopo; vilikuwa vinene. Zaituni ndiye aliyezichomeka zote, mimi nikimsomea kijitabu. Akikosea ananiambia nimesoma vibaya. Nikisoma vibaya ananiambia nimesoma vibaya. Siku ile nilijifunza kwamba kuna watu ambao mbele yao utakuwa na makosa yote, na bado utataka kukaa nao benchi moja.

Jumatano ilikuwa zamu ya prosesa, kile kipande cha mraba ambacho ndicho ubongo. Tulikitoa kwenye ubao wa zamani, kwa kuwa bado kilikuwa kizima, tukakihamishia kwenye mpya. Juu yake hukaa chuma chenye mapezi na feni ya kukipoza. Kati ya vyuma hivyo viwili nilikuta uchafu wa kijivu, mgumu kama ugali wa jana. Mimi ni mtoto wa Mama. Nikaukwangua wote, nikafuta kwa kitambaa, nikasugua mpaka prosesa ikang'aa nikajiona sura. Nilijivunia usafi ule kuliko kitu chochote nilichofanya wiki hiyo.

Sasa nisikilizeni, enyi mafundi wa leo, na mcheke taratibu. Ule haukuwa uchafu. Ilikuwa dawa maalumu inayobeba joto kutoka kwenye prosesa kulipeleka kwenye chuma cha feni. Mimi sikujua. Kijitabu kiliitaja kwenye ukurasa ambao panya walikwisha kuula. Nilichoona ni vyuma viwili vinavyokutana bila kitu katikati, na mtu yeyote aliyeishi Rumonge hata mwezi mmoja anajua hapo panakwenda nini. Kwenye kinu, ekseli inapakwa mawese. Bawaba ya mlango ikilia inapakwa mawese. Baiskeli, kufuli, cherehani, magoti ya bibi, vyote mawese.

"Zaituni," nikasema, "kesho niletee mafuta kidogo ya kwenu."

"Ya kupikia ama ya mashine?"

"Kwani yako tofauti?"

Akafikiri. "Hapana," akasema.

Alhamisi asubuhi alileta kichupa cha dawa ya kikohozi kilichojaa mawese. Bado kulikuwa na ubaridi, mafuta yameganda kidogo, mazito na mekundu. Nilipaka kwa kidole safu nzuri, nikabana feni juu yake. Kasha lilikuwa limelala ubavu juu ya meza. Tukaunganisha umeme, nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Melkiori akasema, "Tuimbe wimbo wa mazishi?"

Nikarudi kwenye kijitabu, jasho likinitiririka mgongoni. Zaituni ndiye aliyeuona mdomo mdogo wa umeme, wa mashimo manne, karibu na prosesa, ambao tulikuwa hatujauchomeka. Tukauchomeka. Nikabonyeza tena. Feni ikazunguka. Kasha likatoa mlio mmoja mfupi, piip, kama kifaranga. Na kwenye kioo yakatokea maandishi meupe, yote kwa Kiingereza.

Darasa zima lilisimama. Mwalimu Nestori alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Halafu ulikuja wakati wangu. Wote pale walijua Kifaransa kuliko mimi, lakini ukurasa ule wa kuipangia mashine, tunaouita BIOS, haukujua Kifaransa. Niliketi mbele nikasoma mstari baada ya mstari, Zaituni akiwafasiria wengine. Ianze kusoma diski ipi? Nikachagua. Ikipata joto kiasi gani ijizime yenyewe? Kijitabu kilishauri tisini, nikaweka tisini. Ikauliza saa. Nikatazama saa ya Mwalimu ukutani; ilikuwa saa tatu asubuhi, kama Mama anavyohesabu, kama sote tulivyohesabu kambini. Nikaandika tatu na sufuri mbili.

Melkiori alikaribia kuanguka. "Mutanzania ameamusha mashine usiku wa manane! Iko inaota!"

Kwao, yaani kwa Kifaransa, saa huhesabiwa kuanzia katikati ya usiku, na tatu yetu ya asubuhi ni tisa yao. Nilirekebisha, nikacheka na mimi. Mtu ambaye mashine yake imewaka anaweza kuchekwa na dunia nzima. Umeme ulikatika baada ya dakika chache, kama kawaida yake siku hizo, na mchana tukaenda nyumbani tukiimba.

Ijumaa Mama alinipigia shati pasi ya mkaa, mikunjo ya mikono imekaa kama karatasi. Akanipaka mafuta usoni, mtu mzima mimi. "Wakikuuliza baba yako ni nani," akasema, "waambie alikuwa fundi wa redio." Baba alifariki kambini. Alikuwa mkulima, redio moja aliitengeneza kwa bahati. Lakini sikumbishia. Nilijua nimerithi wapi.

Nilifika kabla ya wote. Kompyuta ilikuwa bado imelala ubavu mezani, nikaiona inadharaulika. Kompyuta ya kuonyeshwa Direkteri ilale kama mgonjwa? Nikaisimamisha wima. Nikaipangusa kwa mkono wa shati. Ilipendeza. Nikaiwasha mapema ili akiingia aikute inafanya kazi.

Direkteri alichelewa. Jua lilipanda, bati likaanza kulia juu yetu. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Kisha nikaanza kusikia harufu. Mwanzoni nilidhani inatoka kwa mama muuza vitumbua nje ya ukuta. Ilikuwa harufu nzuri, ya nyumbani, ya sufuria ambayo vitunguu havijatiwa bado. Zaituni alinigeukia taratibu. Macho yake yalikuwa makubwa.

Ndipo Direkteri akaingia. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyewahi kufundisha hesabu, na watu wapole wa sauti ndio tuliowaogopa. Alisimama mlangoni akavuta pumzi.

"Amahoro," akasema. "Nani anapika humu?"

Kabla hajajibiwa, kioo kikawa cheusi. Feni ikazimika.

"Mutanzania amefungua mugahawa!" Melkiori akapaza sauti, na darasa likalipuka.

Mwalimu Nestori hakucheka. Alifungua ubavu wa kasha. Mawese yalikuwa yameyeyuka, yakateremka kwa sababu nilikuwa nimeisimamisha, yakachora mchirizi mwekundu kutoka kwenye prosesa mpaka chini ya kadi-mama, na tone la mwisho lilikuwa likining'inia pembeni, likisitasita. Direkteri aliligusa kwa ncha ya kidole, akanusa.

"Haya ni mafuta ya kula," akasema polepole. "Mashine inayongojewa mwaka mzima. Nani ameweka mafuta humu?"

Niliangalia sandali za Mwalimu Nestori. Nikaona benchi la watoto, nikasikia "pardon, papa", nikaona majirani wakimuuliza Mama habari za kompyuta. Ulimi wangu, ulimi huu mnaoujua, ulikauka.

Benchi likalia. Zaituni alikuwa amesimama.

"Mafuta ni ya kwetu, Bwana Direkteri. Nimeleta mimi."

Direkteri akamwonyesha mlango. "Chukua madaftari yako. Jumatatu urudi na baba yako, nitaamua kama utaendelea."

Sasa hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiiacha. Kwenye harusi nilikuwa nasema, "Hapo hapo nikaruka nikasema ni mimi!" Sikuruka. Nilinyamaza. Zaituni alikusanya madaftari mawili na kalamu moja, akaweka kifuniko cha kalamu, akajifunga vizuri mtandio, akapita kati ya mabenchi yote, na mimi nilikuwa bado nimenyamaza. Sikumtetea alipopita karibu yangu, na yeye hakunitazama. Alifika mlangoni. Alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja nje kwenye jua.

"Mimi ndiye niliyemtuma," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Direkteri akaniomba nirudie.

"Mafuta nilimtuma mimi. Nimeyapaka kwa kidole changu. Na dawa iliyokuwepo niliikwangua mimi, nikidhani ni uchafu. Yeye alichomeka nyaya tu, na nyaya zake hazina kosa."

"Na kwa nini ulikuwa umenyamaza?"

"Niliogopa kurudi kwa watoto."

Darasa halikucheka. Hata Melkiori alikuwa anatazama soksi zake. Direkteri alivuta kiti akaketi mbele ya mashine. "Basi umeiua," akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma jibu la mwisho wa hesabu.

"Haijafa. Imejizima."

"Tofauti yake nini?"

"Mimi ndiye niliyeiambia ijizime. Jana niliiwekea joto la mwisho, tisini. Nisingeiwekea, ndipo ingekufa."

Alinitazama, akamtazama Mwalimu Nestori, ambaye aliinua mabega. "Nionyeshe," akasema.

Tulifuta mafuta kwa kitambaa. Vidole vyangu viliteleza kwa mafuta, nikashindwa kurudisha vibanio vya feni. Nikainua kichwa. Zaituni alikuwa bado mlangoni. Direkteri akamwashiria kwa kidevu, naye akarudi, akaweka madaftari chini, akabana vibanio vile. Nikalaza kasha, nikawasha, nikafungua ukurasa wa joto. Namba zikaanza kupanda: hamsini na tano, sitini na mbili, sabini. Darasa zima lilikuja nyuma yetu. Nilieleza kwa Kiswahili, Zaituni akirudia kwa Kifaransa: chuma hakibebi joto vizuri bila dawa, prosesa inachemka, feni inapuliza bure. Themanini. Themanini na tano.

"Ikifika tisini itajizima," nikasema. Maombi niliyoomba hapo sijawahi kuyarudia.

Themanini na nane. Themanini na tisa. Tisini, na kioo kikawa cheusi.

Walipiga makofi. Nimefunga kompyuta nyingi maishani zikawaka, lakini hakuna iliyowahi kunipa furaha kama ile iliyozimika.

Direkteri aliinuka, akajipangusa kidole chenye mawese kwenye leso yake. "Mwana wangu," akaniambia, "umeharibu kwa kutojua, hilo shule inaponya. Umenyamaza kwa kujua. Hilo utajiponya mwenyewe." Kisha akamgeukia Mwalimu Nestori: "Muandike. Akae benchi na huyu binti. Binti amufundishe Kifaransa, na kijana amufundishe kusoma vitabu vya mashine. Mmoja akianguka, waanguke wote wawili." Mlangoni akageuka tena. "Na mutafute hiyo dawa. Nimeona njaa."

Dawa ililetwa wiki iliyofuata na dereva wa basi dogo la Bujumbura, ndani ya kibomba kama cha sindano, nyeupe kama dawa ya meno. Mashine ile ilitufundisha miaka minne, nasi tuliimaliza section wote wawili. Hakuna mtu Rumonge aliyeshangaa zaidi ya Melkiori, ambaye leo ni mteja wangu, na humwambia kila mtu kwamba tulisoma pamoja.

Miaka ilipopita nilimuuliza Zaituni kwa nini alisimama siku ile. Nilitegemea jibu kubwa. Akasema, "Ungeondoka ningebaki benchi peke yangu. Ulikuwa unanuka ndagala, lakini ulikuwa mutu." Siku hizi anaangalia kompyuta za hospitali moja Bujumbura, ana watoto watatu, na bado nikimsomea kitu kwa simu ananiambia nimesoma vibaya. Nilimpigia kabla ya kuandika haya.

"Utaandika na pale uliponyamaza?" akaniuliza.

"Nitaandika."

"Basi andika. Murakoze," akasema, yaani asante kwa Kirundi.

Namshukuru Mungu kwa watu hao. Kwa Mwalimu Nestori, ambaye alikubali mbele ya mtoto kwamba kitabu kimemshinda. Kwa Direkteri aliyekuwa na subira ya kutazama namba zikipanda. Kwa Mama, ambaye siku ile nilimweleza kila kitu, pamoja na uongo wa kwamba nimekwisha kupokelewa, akacheka mpaka akaketi chini, halafu akanipiga kofi moja la shavu ili mizani ikae sawa.

Vijana wa leo wanajua mengi kuliko sisi, nakubali, ingawa inaniuma. Wanatazama kwenye simu jinsi ya kufunga kadi-mama, wanaifunga kwa nusu saa, masikio yameziba kwa vidude vya muziki. Dawa ya prosesa wanaijua rangi zake zote. Kikiharibika kitu wanasema "iko na virus," wanakiweka pembeni, wanafungua kingine. Kila mmoja ana mashine yake, meza yake, mlango wake.

Sisi tulikuwa kumi na tisa kwenye mashine mbili. Tuligombania kiti, tukapumuliana shingoni, na kosa la mmoja lilinukia pua za wote. Siutamani tena umaskini ule, na sina haja ya mtoto yeyote akae na magoti njiani. Lakini ninawatazama hawa wetu, kila mmoja peke yake mbele ya kioo chake, nikajiuliza siku ulimi ukimkauka mmoja wao, ni nani atakayekuwa karibu vya kutosha kusimama kwa ajili yake mpaka benchi lilie.